Mali bila daftari: Ushirika wa Ufipa uhifadhi vipi kumbukumbu za miaka kumi?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MKULIMA wa Ufipa hahitaji kufundishwa kwamba mahindi yakihifadhiwa vibaya ni hasara. Anajua tofauti ya gunia la kawaida na mfuko wa PICS usiopitisha hewa. Anajua kwamba gunia halilazwi sakafuni bali juu ya chaga, na kwamba dumuzi akiingia ghalani mwezi wa Agosti, ikifika Januari kilichobaki ni unga na vumbi.

Lakini kuna mazao mengine ambayo chama cha ushirika, kikundi cha wakulima au mfanyabiashara wa nafaka huvuna kila msimu na kuyahifadhi bila uangalifu huo. Mazao hayo ni kumbukumbu: nani alileta kilo ngapi, tarehe gani, kwa bei gani, alikopeshwa mifuko mingapi ya mbolea, na alilipwa kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi inabidi tuongeze kwamba hata daftari lisilosomeka halina tofauti na kutokuwa na daftari.

Makala haya yanazungumzia uamuzi mmoja ambao viongozi wengi wa AMCOS na SACCOS wanaufanya bila kujua kwamba wameufanya, yaani uchaguzi wa aina ya faili la kuhifadhia kumbukumbu nyingi za miaka mingi. Wataalamu wa kompyuta huiita aina hiyo fomati. Ukikosea fomati hutagundua leo. Utagundua miaka minane baadaye, siku ambayo benki imeomba kumbukumbu za misimu mitano, au siku ambayo mwanachama amesimama mkutanoni kudai fedha za mwaka ambao karani wake alishahama.

Kwa nini kumbukumbu za zamani zina thamani

Wapo watakaouliza faida ya kutunza hesabu za msimu uliokwisha. Faida zipo tatu, na zote zinahusu fedha.

Ya kwanza ni mkopo. Benki haikopeshi kwa maneno. Chama kinachoweza kuonyesha kwa miaka kadhaa mfululizo kwamba wanachama wake walileta mzigo na walirejesha mikopo ya pembejeo, kinaingia kwenye mazungumzo kikiwa na nguvu tofauti kabisa na chama kinachosema "tumekuwa tukifanya vizuri".

Ya pili ni uamuzi wa kuuza au kusubiri. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yote huvunwa karibu kwa wakati mmoja, bei hushuka baada ya mavuno na kwa kawaida hupanda miezi ya mvua, akiba za majumbani zinapopungua. Swali ni moja: je, kupanda huko kunatosha kulipia ghala, mifuko, dawa, kupungua kwa uzito na fedha iliyolala? Jibu halipatikani kwa kukumbuka kichwani. Mfanyabiashara wa Laela au Matai aliyeandika bei ya kila wiki kwa miaka kumi anaweza kuhesabu ni miaka mingapi kusubiri kulilipa na mingapi kulimtia hasara.

Ya tatu ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza nyaraka zake kwa miaka mitano. Vyama vya ushirika navyo, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, vinatakiwa kuwa na vitabu vya hesabu vinavyoweza kukaguliwa. Mkaguzi akifika na kuelezwa kwamba kompyuta ilikufa, hilo haliandikwi kama sababu. Linaandikwa kama hoja ya ukaguzi.

Chama cha wanachama 900

Tuchukue mfano wa kukadiria. Chama kina wanachama 900. Kila mwanachama huleta mzigo au kuchukua pembejeo mara nane kwa msimu. Hayo ni maingizo 7,200 kwa msimu mmoja. Kwa misimu kumi ni maingizo 72,000.

Kama maingizo hayo yameandikwa kwenye kaunta buku, mistari 30 kwa ukurasa, ni kurasa 2,400. Katibu anayo njia mbili za kuyaingiza kwenye kompyuta.

Njia ya kwanza ni kupiga picha kila ukurasa kwa simu janja. Tukisema kila picha ni megabaiti 3, jumla ni megabaiti 7,200, yaani zaidi ya gigabaiti 7. Kazi hiyo inaweza kwisha ndani ya siku chache. Lakini picha ya ukurasa haihesabiki. Huwezi kuiuliza ikupe jumla ya kilo za kijiji kimoja kwa mwaka mmoja. Utakaa na kusoma kurasa 2,400 kwa macho, kama zamani.

Njia ya pili ni kuchapa kila mstari. Tukikadiria kwamba mstari mmoja una herufi na tarakimu 70, mistari yote 72,000 itachukua megabaiti 5 tu. Ukubwa huo unakaribia picha mbili za simu. Ukizibana kwa programu ya zip zinapungua zaidi, na unaweza kuzituma kwa barua pepe hata mtandao ukiwa dhaifu.

Gharama iko kwenye kuchapa. Kijana mwenye kasi ya mistari 200 kwa saa atahitaji saa 360. Akifanya kazi saa sita kwa siku, ni siku 60. Akilipwa shilingi 10,000 kwa siku, gharama ni shilingi 600,000. Gawa kwa wanachama 900, inakuwa chini ya shilingi 700 kwa kila mmoja, na kazi hiyo hufanyika mara moja tu. Kiasi hicho hakifikii hata bei ya mfuko mmoja wa PICS.

Ushauri wa kiuchumi, basi, ni kufanya yote mawili: picha ziwe ushahidi wa kilichoandikwa kwa mkono na kusainiwa, na mistari iliyochapwa iwe ya kuhesabia. Sasa mistari hiyo ihifadhiwe kwenye fomati ipi?

Excel: jembe zuri, ghala baya

Vyama vingi vinatumia Excel, na kwa kazi za kila siku hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale faili la Excel linapogeuzwa kuwa kumbukumbu ya kudumu.

Tatizo la kwanza ni ukomo wa mistari. Faili la Excel la zamani, lenye jina linaloishia .xls, haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Chama chetu cha mfano kina mistari 72,000. Mistari 6,464 ya mwisho ingeachwa nje. Msomaji asidhani hili ni tatizo la vijijini tu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo na kuyaweka kwenye mafaili ya aina hiyo ya zamani. Mafaili yakajaa, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati, wala waliokutana nao hawakufuatiliwa mapema. Aina mpya ya faili, .xlsx, iliyokuja na Excel ya mwaka 2007, inabeba mistari 1,048,576. Lakini mafaili ya .xls bado yamejaa kwenye kompyuta za ofisi zetu.

Tatizo la pili ni kwamba Excel hubadilisha inachodhani ni namba. Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake. Kubwa zaidi ni namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, wakati Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiichapa moja kwa moja bila kuiambia Excel kwamba hayo ni maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na kwenye kioo utaona kitu kama 1.98E+19. Ukihifadhi hivyo, namba ya mwanachama wako imekufa na haifufuki. Chama chenye wanachama 900 kinaweza kupoteza namba za wote 900 bila onyo lolote.

Dawa yake ni rahisi. Weka herufi mbele ya kila namba ambayo haijumlishwi: N mbele ya namba ya NIDA, S mbele ya namba ya simu. Kompyuta ikiona herufi itaiacha kama ilivyo.

Tatizo la tatu ni tarehe. Tarehe 3/4/2015 kwa Mtanzania ni Aprili 3. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itaisoma Machi 4. Kwenye mahindi ya Ufipa, tofauti ya mwezi mmoja inaweza kuwa tofauti ya bei ya kiangazi na bei ya masika. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2015-04-03. Mpangilio huo una faida nyingine, kwamba ukipanga orodha kwa kufuata herufi, tarehe nazo zinajipanga zenyewe.

Faili la maandishi matupu

Fomati ambayo mwandishi wa makala haya anaipendekeza kwa chama cha ukubwa wa kawaida ni ya kizamani na haina mbwembwe. Inaitwa CSV. Ni faili la maandishi matupu: kila ingizo ni mstari mmoja, na kila safu inatenganishwa na nyingine kwa mkato. Mstari wa kwanza hutaja majina ya safu. Mfano:

tarehe,namba_mwanachama,kijiji,zao,kilo,bei_kwa_kilo,maelezo

Uzuri wa CSV ni kwamba haina mwenyewe. Haikuhitaji ununue programu ya kampuni fulani ili uisome. Inafunguka kwa Excel, kwa LibreOffice ambayo ni ya bure, kwa programu yoyote ya takwimu, na hata kwa programu ndogo ya kuandikia iliyo ndani ya kila kompyuta. Mtu asiyejua lolote kuhusu chama chako akiifungua miaka 30 ijayo ataona maneno na namba.

Faida ya pili ni uimara. Faili la maandishi likiharibika sehemu, unapoteza mistari kadhaa na mingine inabaki inasomeka. Faili la .xlsx au la zip limebanwa ndani, hivyo kasoro ndogo inaweza kulifanya lote likatae kufunguka. Hili si jambo dogo katika mji ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Zambia na kwa jenereta, na ambapo kila mtumiaji wa kompyuta ameshawahi kuona kioo kikizima katikati ya kazi.

CSV ina masharti yake. Usiweke mkato ndani ya namba: andika 65000, si 65,000, la sivyo kompyuta itadhani ni safu mbili. Usipake rangi wala kuunganisha visanduku, kwa sababu CSV haitunzi rangi wala fomula. Kama wekundu ulimaanisha "hajalipa", fungua safu ya hali ya malipo na uandike neno lenyewe. Wakati wa kuhifadhi, chagua CSV ya aina ya UTF-8.

Sharti kubwa zaidi ni kwamba nakala ya kumbukumbu haifunguliwi kwa kubofya mara mbili na kuhifadhiwa upya. Excel ikifungua CSV hurudia ule mchezo wake wa kugeuza namba na tarehe. Ukitaka kufanya hesabu, nakili faili kwanza, fanyia kazi nakala, na ile ya asili iachwe kama mbegu iliyotengwa: hailiwi.

Mikubwa zaidi ya hiyo

Kwa chama kikuu, halmashauri au kampuni inayonunua kwa maelfu ya wakulima katika wilaya kadhaa, mistari inaweza kufika mamilioni. Hapo CSV inaanza kuwa nzito kutafutia kitu.

Chaguo moja ni hifadhidata ya SQLite. Hii hukaa ndani ya faili moja tu, haihitaji kompyuta kubwa ya kuhudumia, ni ya bure, na inakuruhusu kuweka majedwali yanayohusiana: wanachama, mizigo, mikopo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya fomati inazozipendekeza kwa kuhifadhi data, na waliotengeneza programu hiyo wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050.

Chaguo jingine ni Parquet, iliyotoka mwaka 2013. Yenyewe hupanga data kwa safu badala ya mistari, hivyo safu ya jina la kijiji linalojirudia maelfu ya mara hubanwa ikawa ndogo sana, na ukitaka wastani wa bei pekee kompyuta inasoma safu ya bei tu. Inawafaa watafiti wenye takwimu za mvua za kila siku au bei za masoko mengi. Kwa AMCOS ya kijijini haifai, kwa sababu haisomeki kwa macho na inahitaji mtu mwenye ujuzi wa programu. Kumbukumbu inayotegemea ujuzi wa kijana mmoja itaondoka na kijana huyo siku akipata kazi Dar es Salaam.

Kwa mikataba, mihtasari ya vikao, katiba ya chama na hati za ardhi, fomati ni PDF/A. Hii ni aina ya PDF iliyowekewa viwango vya kimataifa mwaka 2005 mahsusi kwa kuhifadhi kwa muda mrefu, kwani kila kinachohitajika kuionyesha kimo ndani ya faili lenyewe. Lakini usihifadhi orodha ya mizigo kwa PDF ukitegemea kuja kuihesabu. Kutoa namba kwenye PDF ni kazi ya kupepeta changarawe kwenye maharage.

Somo la Domesday

Waingereza wana kisa kinachofaa kusimuliwa hapa. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wao, mali za nchi ziliandikwa: mashamba, ng'ombe, vinu. Kitabu kile, kiitwacho Domesday, kiliandikwa kwa wino juu ya ngozi ya kondoo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza Domesday mpya yenye picha na maelezo ya nchi nzima, ikahifadhiwa kwenye diski maalumu za kisasa. Haikupita miaka 20, mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi maalumu ya kuiokoa. Kile cha ngozi ya kondoo bado kinasomeka.

Hapa kwetu pia, ofisi zilizoanza na kompyuta miaka ya 1990 ziliandika majedwali yake kwa Lotus 1-2-3 na kuyaweka kwenye diski laini. IBM iliacha kuiuza Lotus 1-2-3 mwaka 2013, na kompyuta mpya hazina tena tundu la diski laini. Anayetaka kuyasoma leo ana matatizo mawili kwa pamoja, programu na kifaa.

Kwa hiyo tusidharau karatasi. Kaunta buku lililoandikwa kwa kalamu nzuri, likafungwa kwenye sanduku la bati juu ya chaga, mbali na mchwa, panya na paa linalovuja, litadumu kuliko flashi nyingi. Usilitupe kwa sababu umeshalichapa.

Karatasi ambayo mfanyabiashara hapaswi kuiamini ni ile ya risiti za EFD, mashine zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Karatasi hiyo haina wino, huandikwa kwa joto, na joto hilohilo huifuta. Ukiibandika ukutani dirishani au ukiifunga kwenye mfuko wa plastiki, baada ya miezi kadhaa unabaki na kipande cheupe, wakati sheria inakutaka uitunze miaka mitano. Ipige picha siku hiyohiyo, au itoe fotokopi, kisha risiti yenyewe itunze kwenye bahasha ya kaki, gizani na mahali pa baridi.

Kilo, magunia na mipaka ya mkoa

Faili linaweza kufunguka vizuri na bado lisieleweke. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi, na haliponywi na fomati yoyote.

Chukua safu iliyoandikwa "magunia 40". Ni magunia ya kilo 90, ya kilo 100, au ni lumbesa? Aliyekuwepo siku hiyo alijua. Anayesoma miaka kumi baadaye hajui, na kwenye magunia 40 tofauti ya kilo 90 na 100 ni kilo 400 nzima. Andika kilo, na kilo zilizopimwa kwenye mizani.

Chukua tena neno "Rukwa". Kabla ya mwaka 2012 mkoa huu ulikuwa pamoja na Mpanda. Mwaka huo Katavi ikawa mkoa unaojitegemea, na Kalambo ikamegwa kutoka Sumbawanga Vijijini kuwa wilaya. Mtu akilinganisha uzalishaji wa mahindi wa Rukwa wa mwaka 2008 na wa 2014 bila kujua hilo, atadhani wakulima walilala. Kumbe ni ramani iliyobadilika. Chama kinachohifadhi majina ya kata na vijiji kiandike pia lini jina au mpaka ulibadilika.

Na chukua bei. Mwaka 2011, na tena 2017, serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi. Atakayekuta bei za miaka hiyo kwenye orodha bila safu ya maelezo hatajua kama alichokiona kilitokana na mavuno mengi, na uchumi wake utakosea.

Kwa hiyo, kila kabrasha la kumbukumbu liwe na faili dogo liitwalo SOMA KWANZA, lenye ukurasa mmoja: kila safu inamaanisha nini, vipimo gani vilitumika, nani aliandika, nini hakimo. Na mwishoni liandikwe namba mbili, idadi ya mistari na jumla ya kilo zote. Hizo ni kufuli za mhasibu. Kila mwaka fungua nakala, hesabu mistari, jumlisha kilo. Zikilingana, kumbukumbu ni nzima. Zisipolingana, kitu kimeharibika, na bado una nafasi ya kurejea kwenye nakala nyingine.

Nakala tatu

Hakuna fomati inayookoa faili lililo mahali pamoja. Kanuni inayotumika duniani ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa chama chetu maana yake ni kompyuta ya ofisi, diski ngumu ya nje iliyofungiwa kwenye kasha, na nakala ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni au katika ofisi nyingine iliyo mbali, mathalani kwenye chama kikuu. Flashi inayozunguka kwenye mifuko ya suruali na kuchomekwa kwenye kila kompyuta ya steshenari haihesabiwi. Hiyo ni usafiri wa virusi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye mifumo. Ni kweli kwamba tangu msimu wa 2022/2023 mkulima hupata mbolea ya ruzuku kwa kusajiliwa kidijitali, tofauti na vocha za karatasi zilizoanza 2008/2009. Ni kweli pia kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa usimamizi wa vyama, MUVU. Mifumo hiyo ni mizuri na chama kiitumie. Lakini mfumo wa mwingine ni ghala la mwingine. Kila mwisho wa msimu omba au pakua orodha yako, igeuze kuwa CSV, uiweke kwenye kabrasha lako. Nywila ikisahaulika au mfumo ukibadilishwa, historia yako inabaki mkononi.

Taarifa za watu si za kutapanya

Kumbukumbu zenye majina, simu, namba za NIDA na madeni ya watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze kwa usalama na azitumie kwa kazi aliyozikusanyia. Orodha ya wanachama haipewi muuza pembejeo kwa sababu tu ni rafiki wa mwenyekiti, wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp.

Njia rahisi ni kutenganisha mafaili mawili. Moja liwe na namba ya mwanachama, jina, simu na NIDA, lifungwe kwa nywila inayojulikana na watu wawili, si mmoja. La pili liwe na namba ya mwanachama, kilo na bei bila jina. Hilo la pili ndilo utakalompa mtafiti au ofisa wa benki anapotaka kuona mwenendo wa chama.

Wapi pa kuanzia

Chama kisichokuwa na kitu kisianze na miaka kumi yote. Kianze na msimu huu: fungua jedwali lenye safu saba au nane, weka tarehe kwa kuanza na mwaka, andika kilo, hifadhi CSV mwisho wa kila mwezi. Kisha mwezi wa Oktoba, mavuno yakishauzwa na kabla mvua hazijaanza kutafuta matundu ya paa, mpeni kijana mmoja kazi ya kuchapa msimu mmoja wa nyuma. Mwaka ujao mwingine. Kwa hesabu yetu ya juu, msimu mmoja ni maingizo 7,200, sawa na siku sita za kazi na shilingi 60,000.

Na kabla ya kumlipa, kamati ya usimamizi ichukue kurasa kumi bila kuchagua, ilinganishe kaunta buku na kilichochapwa. Namba zikigongana, arudie. Ni utaratibu uleule wa kupima unyevu wa mahindi kabla ya kuyafungia mfukoni, kwani kilichoingia kibovu hakitatoka kizima.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.